Rangi ya Papai

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya boneti, mikono ya shati ameikunja mpaka juu ya viwiko, ndoo ya maji ya sabuni pembeni yake. Alikuwa akisugua taratibu, kwa mzunguko, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mzee kaamka kabla yetu ili alioshe gari lake. Nilipomkaribia ndipo nilipouona msasa mkononi mwake. Ule mng'ao nilioutolea jasho wiki nzima ulikuwa umekwisha, kuanzia boneti hadi milango ya nyuma. Gari zima limefubaa kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Koplo," nikasema. "Unafanya nini?"

"Namalizia," akanijibu, wala hakugeuka.

Gereji ilikuwa ya mjomba wangu. Yeye alinyoosha mabati, mimi nikapiga rangi, na mteja mgeni alipofika alinipita kwenda kumtafuta fundi wa rangi huko ndani, mpaka mjomba amwambie, "Ni huyo huyo uliyempita." Sikujali. Mimi shida yangu ilikuwa udadisi. Siwezi kumwona mtu nisijiulize angechagua rangi gani, na kwa nini hiyo na si ile ya jirani yake. Hata leo, mjomba hayupo tena na gereji ni yangu, bado nauliza kuliko inavyonihusu.

Koplo alikuwa dereva wa jeshi tangu ujana wake hadi alipostaafu. Gari lile alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya jeshi, kijani kibichi kilichokomaa, kisichorudisha mwanga hata jua likiwa utosini. Mjomba akalizunguka, akaligonga hapa na pale, akasema bado lina mifupa. Nami nikauliza swali langu.

"Tulipige rangi gani, Koplo?"

Akasimama wima kabisa. "Ipi inaruhusiwa?"

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Huyu mtu alipewa shati, akapewa viatu, akapewa blanketi na kikombe, vyote vikiwa na rangi yake tayari. Uzee wote ule, na hakuna aliyewahi kumwambia achague.

"Binti yangu amesema halipandi," akaniambia, akiangalia tairi. "Wala watoto wake hawatalipanda. Nami nimelinunua niwapeleke shule." Binti alikuwa amerudi kuishi jirani naye baada ya miaka mingi ya kukaa mbali, na Koplo aliwajua wajukuu kwa picha kuliko ana kwa ana. "Gari la namna hii lilikuwa likija kunichukua nyumbani. Likifika tu, anajifungia chumbani, haniagi. Nikiligeuza rangi, labda..."

"Yeye anapenda rangi gani?"

Alifikiri mpaka nikamwonea huruma. "Sijui," akasema. "Sikuwahi kumuuliza."

Basi tukaanza. Nilipulizia rangi kwenye vifuniko vya makopo nikavitundika kwenye waya, naye kila asubuhi akaja na vitu vyake mfukoni: kibanio cha nguo cha bluu, kipande cha pazia, soli ya ndala ya mtoto. Anakishikiza kwenye bati, anarudi nyuma, anatikisa kichwa. Mjomba akanong'ona, "Huyu anachagua rangi au anachumbia?"

Mimi huku napiga msasa. Chini ya kijani nikakuta rangi ya mchanga, chini ya mchanga kijani kingine, na chini kabisa, penye kona ya mlango, nyeupe. Nikamwita aone. Akaweka ncha ya kidole pale penye weupe, akakaa nacho pale.

"Kumbe na lenyewe halikuzaliwa hivi," akasema.

Rangi ilikuja yenyewe. Siku moja tulikuwa tunakula papai kivulini, akalipasua, akaacha kula. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Hii."

"Hilo ni tunda, Koplo."

"Hii hii."

Kuichanganya kulinitoa kijasho, maana tone moja jekundu likizidi papai linageuka tofali. Nikaziba vioo kwa magazeti, nikawasha kompresa, nikapuliza. Napenda pale rangi inapotua ikiwa mbichi, bati linapokunywa mwanga na kuanza kuurudisha. Koplo alisimama mlangoni, kitambaa puani, hakuondoka. Rangi ilipokolea akawa anahamisha uzito mguu huu, mara mguu ule. Nikadhani ni furaha.

"Linang'aa sana," akasema.

Nami, kwa kujipenda, nikaichukua kuwa sifa.

Sasa asubuhi ile ya msasa, na binti ameambiwa aje kuliona, mwenye gari ananieleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni njia: "Kinachong'aa kinaonekana. Kikionekana, kinapigwa. Nitawapakiaje watoto kwenye kitu kinachoonekana hivi?"

Nilitaka kukasirika, lakini hasira ikakosa pa kushika. Mjomba alitoka ndani, akajishika kichwa. Na kabla hata mmoja wetu hajasema neno, binti akaingia getini.

Alikuwa na mwendo wa baba yake, wima vile vile. Akalizunguka gari. Akapitisha kiganja mlangoni, kiganja kikarudi na unyevu wa rangi ya papai. Akamtazama baba yake, suruali imelowa magotini.

"Nani kachagua hii rangi?"

"Mimi."

"Na nani kaifubaza?"

"Ni mimi pia."

Akacheka, kile kicheko ambacho machozi yako jirani.

"Baba, unadhani kule chumbani nilikuwa nimenuna? Nilikuwa dirishani. Lile gari likifika kwenye miti tu, silioni tena. Na ukirudi, sijui kama umerudi mpaka uko mlangoni. Utoto wangu wote nimeangalia miti." Akanigeukia mimi. "Fundi, linaweza kung'aa tena?"

"Linaweza. Leo leo."

"Ling'arishe. Nataka nimwone tangu mbali."

Koplo alikuwa bado ameshika msasa. "Na wengine wakiniona?"

"Wakuone, Baba."

Nikapiga tabaka la mwisho la kung'arisha, tukaliacha likauke juani, hakuna aliyekwenda kula. Alasiri binti akampa baba yake ufunguo. "Nenda mpaka kule mwisho wa barabara, kisha urudi unichukue."

Akaenda. Sisi tukasimama getini, mimi, mjomba na yeye, tukitazama barabara tupu. Koplo alikawia, nadhani alikuwa anajishauri. Kisha, kabla hatujasikia mngurumo wowote, kikatokea kule mwisho kitu kidogo cha rangi ya papai.

"Yule!" binti akasema, akaanza kupunga mkono, ingawa kwa umbali ule mzee asingeweza kuuona.

Na kule mbali, mchana kweupe, Koplo akawasha taa.