Kila Barua kwa Jina la Mzee

Fundi simu mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Waya, aliapa kwamba enzi zake aliwahi kuunganisha simu kwa uzi wa kushonea, na waliozungumza wakasikizana hadi chafya. Mkewe, mkunga mstaafu, alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi hata akawa anamsahihisha rangi ya uzi.

Safari hii kazi ilikuwa ya kweli. Kompyuta ya sebuleni ilikuwa na usahaulifu wa mlevi: kila ilipotaka kwenda tovuti ileile ya jana, ilitoka kwanza kuuliza njia. Mzee Waya akaiwekea DNS, yaani kitabu cha anwani za tovuti, ya humo humo ndani, iulize mara moja tu, kisha iweke jibu akiba. Kurasa zikafunguka hujapepesa jicho.

"Sasa inakumbuka kuliko wewe," mkewe akamchokoza.

"Subiri barua zako, mama watoto. Zitafika kabla hujaziandika."

Barua pepe nazo zilikuwa na kisa chao. Anwani ya mkewe ndani ya kompyuta iliishia na neno "nyumbani", na huko nje hakuna aliyeitambua nyumbani hiyo. Kila barua ilirudishwa kama mgeni asiye na mwenyeji. Basi mzee akaandika kanuni: barua yoyote inayotoka humu ivuliwe anwani ya mtumaji, ivishwe anwani halisi. Anwani halisi ilikuwa yake yeye. Kwamba majibu nayo yangekuja kwake, hilo halikumpitia akilini.

Mkewe akamwandikia binti yao aliyeishi mbali. Barua ikaenda, haikurudi. Mzee akajipongeza mpaka kikombe cha pili cha chai.

Asubuhi, mkewe akiwa sokoni, jibu likatua kwenye sanduku la mzee. Akalifungua kwa tabasamu.

"Mama, chumba chako tayari, tiketi nimekata. Baba usimwambie kitu mpaka siku ya kuondoka. Atakutolea hadithi zake, utacheka, utabaki, kama mara ile."

Mara ile? Akakumbuka begi lililoshinda mlangoni kutwa nzima. Alimsimulia mkewe habari za nguzo ya simu iliyochipua majani, wakacheka, begi likarudi juu ya kabati. Hakuwahi kuuliza lilikuwa linakwenda wapi.

Akairekebisha kanuni, kila mtu na anwani yake. Kisha akaisukuma ile barua kwenye sanduku la mkewe, akaketi pembeni.

Mkewe aliporudi aliisoma akiwa amesimama, kapu bado mkononi.

"Ala! Kumbe inafanya kazi!"

"Anasemaje mwanangu?"

"Hajambo. Anakusalimu sana."

Barua haikuwa na salamu hata moja.

"Mbona kimya, Mzee Waya? Leo huna hadithi?"

"Leo sina."

Akainuka, akalishusha begi kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaliweka mlangoni.

"Zipu yake hukwama," akasema. "Ngoja niipake sabuni."