Pua ya Mkwe

Pua ya fundi magodoro iliziba tangu alipoanza kazi. Kutwa alichambua pamba kuukuu kwa mikono, vumbi likipanda mpaka darini, naye akipiga chafya hadi wateja wakamwita Bwana Chafya. Hakusikia harufu ya kitu chochote. Kwa mama mkwe aliyekuwa naye, hiyo ilikuwa bahati ya mtende.

Mama mkwe aliuza samaki wakavu. Magunia yake yalikaa chini ya kitanda cha fundi, na ndoo ya kamba wakavu ilikaa nyuma ya mlango. Wakwe wawili wa kwanza walikuwa wamemwondoa kwa adabu kubwa: mmoja alisema anataka kupaka nyumba rangi, mwingine kwamba anatarajia wageni. Rangi haikupakwa na wageni hawakufika. Binti wa tatu na wa mwisho ndiye aliyeolewa na fundi, na fundi alimpokea mama kwa mikono miwili. Mtaa mzima ukasikia sifa za mkwe mwenye moyo. Moyo alikuwa nao, sikatai, lakini kazi kubwa ilifanywa na pua.

Siku moja mama alirudi sokoni na habari. Mteja wake alisikia mahali kwamba mafuta ya samaki yanatuliza pua zenye mzio.

"Dawa tunailalia, mwanangu, na wewe unateseka," alisema.

"Mama, wengine samaki ndio wanaowawasha," alisema binti yake.

"Huyu hajawahi kuvimba hata mdomo."

Mke alishona barakoa kwa kipande cha shuka, akamwambia mumewe aivae kazini. Mama naye akashika jiko: supu ya samaki asubuhi, samaki mchana, kamba usiku. Chafya zikapungua, kila mmoja akajipongeza kimyakimya.

Asubuhi moja fundi aliamka, akavuta pumzi, na hewa ikapita pande zote mbili. Ikapita na kila kitu. Alidhani kuna kilichofia chumbani. Akainama chini ya kitanda, akakutana ana kwa ana na magunia, na kwa mara ya kwanza akawaelewa wale wakwe wenzake. Mkewe, aliyezaliwa na kukulia katika harufu hiyo, alikuwa anakoroma.

Mama alipoona anapumua vizuri, machozi yalimtoka.

"Nilidhani mimi ni mzigo humu ndani," alisema. "Kumbe nina faida."

Baada ya maneno hayo, angesema nini? Kumwambia ayatoe magunia ni kumwambia aondoke, maana wale wengine nao walianzia kwenye magunia. Na hakuwa na binti wa nne. Fundi akajikaza kisabuni. Alilala kichwa kikiwa dirishani, na mezani alikula huku amebana pumzi.

Mama hakuwa mtoto.

"Mkwe wangu wa pili naye alianza hivi, kula kidogo kidogo," alimwambia jioni moja, taratibu. "Usinionee haya, baba. Mizigo yangu ni michache."

Fundi aliivuta sahani karibu.

"Uende wapi, mama? Ni mafua tu yananirudia."

Kesho yake, kazini, alivua barakoa, akaikunja mfukoni. Akapasua godoro kuukuu kuliko yote, akatumbukiza uso ndani ya pamba, akavuta pumzi ndefu.

Jioni chafya zake zilitangulia mlangoni. Macho yalikuwa mekundu, pua inachuruzika.

"Dawa imeshindwa," alisema mama kwa huzuni.

"Labda nilipunguza mno, mama. Niongezee."

Mama alimwongezea, akaketi karibu yake, akaanza tena kusimulia vituko vya sokoni. Mke alipokuwa akikusanya nguo za kufua aliikuta barakoa mfukoni, safi kabisa, bila chembe ya vumbi la pamba. Aliitazama, akamtazama mumewe anayekula huku machozi ya mzio yakimtiririka. Kisha akaipeleka jikoni, na tangu siku hiyo ikawa kitambaa cha kuipulia sufuria ya samaki.