Shangazi Dobi Hewani

Usiku Nyuzi hakupata usingizi, na asubuhi chai haikushuka. Kipindi chake, kile alichokianzisha jikoni kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akiwauliza wanamuziki nyimbo zao wamezitoa kwa nani, leo kilikuwa kinarushwa na redio yenyewe, moja kwa moja, saa nzima. Meneja alishamwambia bila kumung'unya maneno: kikinoga, atapewa nafasi ya kila wiki, kikidorora, arudi jikoni kwake. Furaha ilimjaa mpaka akawa anacheka peke yake kwenye ngazi.

Jina la Nyuzi alipewa na mashabiki kwa ajili ya gita. Miaka yote alipiga roki iliyokorogwa na ngoma za kwao, kwenye kumbi, kwenye baa, hata kwenye uzinduzi wa duka la magodoro, na kila mwandishi alimuuliza swali lile lile: mkono huo wa kulia ulifundishwa na nani? Wenyewe wakajijibu, wakataja bendi za ng'ambo. Wee, bendi gani! Mkono ule ulifundishwa na shangazi yake, dobi, aliyemlea pembeni ya karo la kufulia, shangazi akifua na kuimba kutwa, mtoto akigonga beseni kwa kijiko. Ndiye mgeni wa leo.

Taa nyekundu ya studio ikawaka, wako hewani. Nyuzi akamkaribisha kwa mbwembwe, akaanza gita, akampa ishara. Shangazi akafungua mdomo, akaufunga.

"Haya, shangazi, ule wa kufulia," Nyuzi akambembeleza.

"Hautoki, mwanangu."

"Umeusahau?"

"Nitausahauje? Mikono imekaa bure. Niimbe nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka kama waziri? Hautoki."

Kimya. Na kimya redioni, ndugu yangu, ni sawa na jiko kuzimika wageni wameshanawa mikono. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alishika kichwa. Ndipo wazo likamjia Nyuzi, akashangaa kwa nini halikumjia mapema. Palepale, wasikilizaji wote wakisikia, akamwomba fundi alete ndoo ya mfagizi, maji na kipande cha sabuni.

Vikaja. Na nguo je? Hapo ndipo meneja alipoingia kwa kunyata, macho yamemtoka, aje akomeshe mchezo. Shangazi hakumtazama usoni, alimtazama kola.

"Baba, shati hili unalifua mwenyewe?"

Meneja akababaika. "Ndiyo, mama."

"Inaonekana. Vua."

Bosi mzima, mbele ya maikrofoni iliyo wazi, atamjibu nini mtu wa umri wa mama yake? Akavua, akabaki na fulana. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alishayavulia.

Shangazi akapiga magoti, shati likaingia majini, fwa, fwa, fwaaa, na sauti ikatoka. Nene, pana, imejaa utani. Akamwimba meneja na kola yake, akamwimba mume asiyejua kukamua nguo, akamwimba mtoto wa kugonga beseni aliyekua akawa raha ya watu. Aliposikia hilo Nyuzi machozi yalimtoka, lakini mkono wa kulia haukusimama, ulikwenda sambamba na mikono ya shangazi. Simu za studio zikaanza kulia zote kwa pamoja.

Saa ikaisha. Fundi akanyooshea kidole saa ya ukutani: taarifa ya habari inasubiri. Meneja akainua mkono, wakate. Shangazi akatikisa kidole chenye povu.

"Wimbo haukatwi nguo ikiwa na sabuni."

Nyuzi akamtazama meneja, akamtazama shangazi. Alijua vizuri anachoweka rehani. Akaongeza sauti ya gita.

Meneja akasimama palepale na fulana yake, mkono bado juu. Mguu ukamsaliti kwanza, ukaanza kugonga sakafu, kisha mkono nao ukashuka polepole. Habari zikangoja.

Shati likasuuzwa, likakamuliwa, likakung'utwa mpaka matone yakamrukia kila mtu, na wimbo ukaishia hapo. Shangazi akamkabidhi mwenyewe.

"Huo ulikuwa mfupi," akasema huku akihema. "Shati halina mambo mengi. Wimbo wenyewe hasa ni wa blanketi."

Meneja akalitazama shati likimchuruzikia viatuni.

"Wiki ijayo," akasema, "nilete mablanketi mangapi?"