Nishikie Mpaka Jumamosi

Kikundi cha wagonjwa wa muda mrefu hukutana kila Jumamosi saa nne asubuhi katika darasa la chekechea, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Fundi cherehani hufika wa kwanza. Ana baridi yabisi, asubuhi vidole vyake havifungi hata kifungo, lakini kufagia ni kazi yake.

Utaratibu wao ni mwepesi. Aliyechoka humpa mwenzake mkono na kusema, "Nishikie." Mwenzake akijibu, "Nimeshika," ugonjwa unahama hapo hapo, na mwenyewe anapumzika wiki nzima. Jumamosi inayofuata wanapeana mkono tena, unarudi. Daktari wa zahanati anajua. Yeye hubadilisha majina kwenye kadi, basi.

Miezi mitatu nyuma Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye kisukari, alitaka kula keki kwenye harusi ya mpwawe. Fundi akamshikia. Tangu siku hiyo Mwenyekiti huja mkutanoni na mikono mfukoni. Amenawiri, shavu dodo. Salamu hutoa kwa kidevu.

Jumamosi hii fundi alikuwa na neno. Bintiye alikuwa amejifungua Jumanne, na yeye hajampakata mjukuu bado, kwa kuwa viganja vilimuwaka moto na sukari ya mwenzake ilimtia kizunguzungu. Aliogopa kumwangusha.

"Mwenyekiti, chukua chako. Na mmoja wenu anishikie changu, wiki moja tu, nimbebe mtoto."

Muuza mkaa, ambaye fundi amemshikia presha mara nne, alitazama dari.

"Mbona unaonekana mzima, dada?" akauliza kinyozi mwenye pumu. "Si umefagia?"

"Nimefagia kwa viwiko."

"Kumbe unaweza."

"Hapa tunasaidiana, hatudaiani," akasema Mwenyekiti. "Kisukari kwangu kilikuwa kikorofi. Kwako kimetulia, kimezoea. Kwa nini tukisumbue?"

Fundi alimchukia mtu yule, kuanzia kipara mpaka viatu. Akamvuta mkono mpaka ukatoka mfukoni. Mwenyekiti akakunja ngumi.

"Fungua."

"Sifungui."

Wakavutana hivyo, viti vikaanguka, vumbi likatimka. Kinyozi akaanza kukohoa, kisha akakosa pumzi, na dawa yake ya kuvuta ameisahau nyumbani. Midomo ikambadilika rangi. Wote wakatia mikono mifukoni, wakamgeukia fundi.

"Nishikie," kinyozi akanong'ona.

Fundi alimtukana, halafu akauchukua mkono wake. "Nimeshika."

Kinyozi akavuta hewa vizuri, akaomba maji. Mwenyekiti akaagiza iandikwe kwamba fundi amefanya fujo mkutanoni, na kwamba, kwa kuwa kikundi kina huruma, amesamehewa. Waliokaa mbali naye wakapiga makofi.

Nyumbani bintiye alimnyooshea mtoto. "Mpokee, mama."

"Mlaze tu," fundi akasema kutoka mlangoni, akihema. "Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata kinyozi alikuja amevaa glovu. Alisema mikono inamwasha.

Mtoto alipofikisha miezi minane, kila fundi akimsogelea aligeuza uso na kulia, kama watoto wanavyowalilia wageni. Bintiye alimwambia asijali, atamzoea.