Nusu Dakika ya Kwanza

Sapna ndiye aliyeianzisha desturi ile. Alipoanza kurekodi masomo ya chuo kwa ajili ya wanafunzi wa mbali, wale wa Keringet na Salgaa waliosomea nyumbani kwa kutazama sidii za video, walilalamika kwamba walimu wao ni kama vivuli tu. Basi akaamua: kila mhadhiri, kabla ya somo, aitazame kamera kwa nusu dakika, ataje jina lake na mahali alikozaliwa. Wanafunzi walifurahi. Mmoja wao alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa kuuliza kama sidii mpya zimetoka.

Jumamosi moja mwishoni mwa Januari 2008, moshi wa ghasia za uchaguzi ukiwa umetanda juu ya Nakuru tangu jana yake, mlango wa chumba cha kurekodia ulipigwa teke. Wakaingia vijana watano wenye mapanga na marungu. Ndani alikuwamo Sapna, na Masinde, mhadhiri wa takwimu, aliyekimbilia pale baada ya nyumba yake kuchomwa.

"Niaje, madam," alisema kiongozi wao. Sapna aliijua sauti kabla hajauona uso. Ilikuwa ile ya kila Ijumaa. "Wewe tulia. Hii vita si yenu Wahindi. Tunataka tu kujua huyu mzee ni nani."

"Mimi ni fundi wa stima," alisema Masinde, akajipa jina la kabila la vijana wale.

Mmoja akacheka. "Fundi na viatu zinang'aa hivyo? Boss, hebu tuonyeshe pliers yako."

Rungu likamshukia Masinde kichwani. Akapiga magoti, damu ikimchuruzika sikioni.

"Wachana naye kwanza," kiongozi akasema kwa upole. "Mimi nasoma biashara hapa, walimu wa masomo mengine siwajui. Lakini kila mmoja yuko kwa sidii. Madam, weka moja moja. Tukimwona, atatuambia kwao mwenyewe."

Sidii zilikuwa nane rafuni. Ya takwimu ilikuwa ya tatu.

Sapna akaweka ya kwanza. Mwalimu wa historia akatabasamu kwenye kioo, akataja jina na kijiji chake. Kiongozi akatikisa kichwa. Ya pili, mwalimu wa uhasibu. Akatikisa tena. Masinde alimtazama Sapna tu.

Akatia ya tatu. Alijua itaanza na nembo ya chuo kwa sekunde tano, kisha uso. Monita yenyewe ilikuwa ya zamani, nzito kama gunia la viazi. Sapna aliikumbatia, akaisukuma kwa kifua mpaka ikatoka mezani. Ikamwangukia kiongozi miguuni, ikapasuka kwa kishindo, vigae vya kioo vikaruka kila upande.

"Toka, mwalimu! Toka!"

Masinde akanyakua stendi ya kamera, akampiga nayo usoni yule aliyekuwa mlangoni, meno yakasikika yakivunjika. Panga likashuka. Akalikinga kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilibaki sakafuni. Mwenyewe akapita, akaruka ua wa miiba, akakimbia mpaka uwanja wa maonyesho, walikokuwa wanajeshi na watu waliofukuzwa makwao. Wanne walimfukuza, wasimpate.

Kiongozi hakuweza kukimbia. Alijivuta kwa mguu mmoja mpaka alipokuwa Sapna.

"Ulinifunza vizuri, madam," akasema. Akampiga mdomoni kwa ubapa wa panga, mara tatu.

Mwezi Machi, Sapna aliketi mbele ya monita nyingine, akipitisha ulimi kwenye pengo la meno, akaikata nusu dakika ya kwanza katika kila somo. Ilimchukua siku tisa.

Aprili Masinde akarudi. Alisimama mahali pake pa zamani, akaona kamera imegeuzwa.

"Nitaonekana nini?"

"Ubao, mwalimu. Na mkono unaoandika."

Masinde akautazama mkono wake wa kulia, wenye vidole vitatu.

"Huu wale vijana wanaujua," akasema.

Akautia mfukoni, akashika chaki kwa mkono wa kushoto. Mstari wa kwanza ulimchukua karibu dakika nne, herufi zikipinda kama za mtoto wa nasari. Sapna alirekodi yote, na safari hii hakukata kitu.