Tumbo la Lwamba

…na waliopo niwapange mmoja mmoja kama walivyoketi, maana majina yakikaa sawasawa hata hasira hupata pa kukaa: mimi mwenyewe, Gédéon Kalonda, mwalimu mstaafu, kwenye kiti changu cha dirishani, mke wangu Ernestine Mwamini, karibu na mlango wa nyuma, kwa sababu ambayo kila mtu humu anaijua na hakuna anayeitaja, dada yake mkubwa Louise, aliyefika jana kutoka Kabambare kwa pikipiki na bado anaketi upande mmoja kwa maumivu ya njia, daktari Serge, mtoto wa marehemu kaka yangu Marcellin, na jirani yetu Kamaldine, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa msikitini, aliyeitwa awe shahidi kwa kuwa si wa ukoo wetu wala wa ukoo wao… hao ndio waliopo, na asiyekuwepo ndiye aliyeijaza nyumba mpaka hewa imekuwa nzito, Lwamba Mulonda, seremala wa Kabambare, ninalijua jina lake vizuri kuliko ninavyotaka, na sasa wote wananitazama mdomo, wanangoja nimwite aje Kasongo atoe kitu chake kiingie ndani ya mke wangu, na Serge anaongea, anaeleza tena kwa ile sauti ya taratibu aliyorudi nayo kutoka Ubelgiji, sauti ya kumwekea mzee mto mgongoni, kwamba ugonjwa wa mama mudogo unaitwa côlon irritable, utumbo wenye hasira, hauna kidonda wala uvimbe, lakini maumivu ni ya kweli, si mawazo yake, na ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi vijidudu wasiohesabika, wengi wao wema, na wa Ernestine wamevurugika, basi huchukuliwa choo cha mtu mzima wa afya, kikapimwa kwanza na damu yake ikapimwa, kikachanganywa na maji ya chumvi, kikachujwa, kikaingizwa kwa mpira laini kutokea chini, na amepewa ruhusa Kinshasa ya kujaribu katika kliniki yake… choo, anasema choo mezani pangu, mbele ya vikombe vya chai, na mimi niliyefundisha usafi darasa baada ya darasa, niliyefundishwa na mapadri waliotukagua kucha kila Jumatatu na kutuchimbisha vyoo mbali na jiko, mbali na kisima, kinyesi ni adui, tuliandika hivyo kwa mwandiko mzuri kwenye vibao vyetu, leo mtoto wa kaka yangu amekwenda kusoma kote huko ili aje kuniambia adui ndiye dawa, lakini nisijidanganye, si choo kinachonikwama kooni, kingekuwa cha mtu mwingine yeyote ningekwisha kusema ndiyo na chai ingenyweka.

Nilitoa changu. Ndiyo, nilimwambia Serge pale pale siku ya kwanza, kama ni choo basi changu kipo, mimi ni mume wake, na Serge akatazama viatu vyake, akasema umri wako, Baba mudogo, na vidonge vya tansheni, vya damu kupanda, na tena munakula chungu kimoja munakaa nyumba moja, tunatafuta mutu wa nje, wakampima Louise, damu yake ikakutwa na homa ya ini, wakapima wawili wa parokia, mmoja ana amiba, mwingine anameza antibiotiki kwa kila kikohozi, ndipo Louise mwenyewe akasema, kama anayekumbuka jambo dogo, mbona Lwamba yuko, yule hajameza kidonge tangu tumujue, anakula sombe, majani ya muhogo, na pilipili na mahindi ya kuchoma, asubuhi anakwenda nyuma ya nyumba na kurudi anaimba, na majibu yakaja safi, safi kabisa, Serge alifurahi kama aliyeokota almasi, tumbo kama hili, Baba mudogo, ni la nadra, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisikia wivu ambao hakuna mwanaume aliyewahi kuniambia kwamba upo, wivu wa tumbo la mwanaume mwenzangu, si sura yake, si mikono yake, ingawa mikono ile nayo ninayo yangu ya kusema juu yake… aliwahi kumposa Ernestine kabla yangu, kule Kabambare, alikuwa kijana mwenye randa na nyundo na hana paa, nami nilikuwa mjane mwenye mshahara, na baba yake Ernestine akatazama paa, hakuna aliyemlazimisha binti, hakuna aliyemuuliza pia, akaja kwangu na sanduku ambalo Lwamba ndiye aliyelitengeneza, lile lililoko chumbani, bado linafunga bila kukwaruza, miaka yote hii bawaba hazijalegea, na mimi Ernestine ananiita Mwalimu, Mwalimu mezani, Mwalimu shambani, Mwalimu tukiwa wawili peke yetu, ila yule anamwita Lwamba, bila papa, bila bwana, Lwamba tupu, kama mtu anavyotaja maji.

Louise ananikatiza mawazo, amechoka kungoja, anasema shemeji, unaogopa nini, si watamuchuja kwanza, na Kamaldine anapaliwa na chai, Serge anageuka dirishani ili daktari asionekane akicheka, na Ernestine, Ernestine ambaye sijamsikia akicheka tangu mvua zilipoanza, anafunika mdomo kwa kiganja na mabega yake yanatikisika, na uso ule uliokauka kwa kula ndizi za kuchemsha tu unakuwa kwa kitambo uso wa msichana wa Kabambare, na hicho kicheko ni cha nani, nauliza, nani kakileta humu ndani, si mimi niliyemenya ndizi hizo kila asubuhi, mimi ninayejua kwamba maharage humvimbisha na maziwa humkimbiza na mkate wa soko la chini humkata lakini wa Mama Elodie haumkati, ninalijua tumbo lile kama nilivyojua daftari la wanafunzi wangu, nimemngoja nje ya misa, nje ya mazishi, nje ya kila mlango wa watu, nimesimamisha pikipiki porini nikageuza mgongo kulinda njia, mpaka tukaacha kusafiri, hakumzika mama yake kwa sababu ya tumbo hili, njia ya Kabambare haina mahali pa mwanamke wa heshima kuchuchumaa kila mara, nikafikiri maumivu yale ni yetu wawili, hayo angalau ni yetu, na sasa mtu mwingine ndiye ataingia kwa mpira laini na kuyatoa, na Serge bado anaongea, anasema hao vijidudu wakikubaliwa watakaa, watazaa… watazaa, amesema watazaa, hakujua alichosema, daktari mzima, mtoto wa Marcellin, anajua vizuri kwamba Ernestine hakupata mtoto kwangu, tulikwenda kwa madaktari, tulikwenda kwa wazee, hapakuwa na kitu, na cha Lwamba kitaingia mle mle na kuzaa, mimi nikiketi dirishani na vidonge vyangu vya tansheni, na yeye, kwa adabu yake, adabu inayoniudhi kuliko jeuri, amekataa kufika hapa mjini mpaka mimi mwenyewe nimwite, ametuma neno kwamba mke ni wa Mwalimu na mlango ni wa Mwalimu, basi anangoja Lusangi, kwa mpwa wake Bienvenu anayechimba dhahabu, wiki nzima sasa anangoja neno langu, na mimi wiki nzima ninasema nitafikiri.

"Mwalimu," anasema Ernestine, na hacheki tena, mkono wake uko tumboni, kidole gumba kinasugua pale pale upande wa kushoto, "ukisema hapana, ni hapana. Lakini sema," na anainuka, anatoka kwa mlango wa nyuma haraka bila kukimbia, amejifunza mwendo huo, na sisi wanne tunatazama vikombe, Louise anasifu mapazia, ndivyo tufanyavyo, mtu akitoka hivyo tunasifu mapazia, na Kamaldine, ambaye hapendi kimya, anainama kwangu na kuuliza kama anayeuliza bei, hana nia mbaya, "Na baadaye, Mwalimu, hao wawili wataitana nani?"… wataitana nani, swali la mnunuzi wa dhahabu, kila kitu lazima kiwe na jina lake kabla hakijapimwa, wataitana nani, na ghafla ninamwona baba yangu, ameketi juu ya mkeka ukingoni mwa mto kule Nyangwe, kifua wazi, na mbele yake Ayoubu, mwenye mitumbwi, Mwislamu, si ndugu yetu kwa lolote, wanachanjana, wembe mdogo unapita chini ya titi, damu inapakwa juu ya karanga ya kukaanga, baba anameza karanga yenye damu ya Ayoubu na Ayoubu anameza ya baba, mzee mmoja anagonga visu viwili na kutaja laana za atakayevunja, nami mtoto nikashangaa kwamba karanga haikutafunwa, ilimezwa nzima, ili ifike tumboni kama ilivyo, na kuanzia siku ile Ayoubu alikula kwetu bila kubisha hodi, halafu miaka ikapita na dada yangu akampenda Amisi, mtoto wa Ayoubu, mtaa mzima ulijua, mama alikuwa amekwisha kulainika, na baba akakataa, padri akamwambia hayo ni mambo ya gizani, baba akasikiliza kwa heshima na akakataa tena, akasema mwili wa Ayoubu ulishaingia tumboni mwangu, mukitaka kuutoa mutoe, Amisi ni kaka yako, dada alilia siku nyingi, na siku alipoolewa na mtu mwingine Amisi ndiye aliyebeba sanduku lake kichwani, kama kaka, akapokea sehemu yake ya mbuzi kama kaka, na tangu hapo hakuna jirani aliyenong'ona, walikaa kwenye ua mmoja mchana kutwa wakimenya mihogo na mume wake alilala usingizi wake, alilala, kwa sababu jambo lilikuwa limefungwa… kilichotoka mwilini mwa mmoja kikaingia tumboni mwa mwingine, basi wamekuwa ndugu, haijalishi karanga au mpira laini, baba yangu asingeuliza kimepita mlango gani, angeuliza kimefika tumboni au hakikufika, na kama kimefika, Lwamba Mulonda ni kaka yake Ernestine, na kama ni kaka yake ni shemeji yangu, shemeji, na kaka haitazami nyumba ya dada yake kwa jicho lile, hawezi, wala Ernestine hawezi tena, hata ndotoni, na mimi nimekaa wiki nzima nikiona kwamba dawa hii inamleta kitandani kwangu, kumbe inamtoa, inamtoa kwa sheria iliyo kubwa kuliko posa yake na mahari yangu, ningelijua hili ningelimwita siku ya kwanza, ningelimtumia mimi mwenyewe nauli.

Ernestine amerudi, ameketi palepale karibu na mlango, amenawa uso, tone moja la maji limebaki kidevuni na ninataka kulifuta na sithubutu mbele za watu, na ninalijaribu lile neno ndani ya mdomo bila kulitoa, shemeji Lwamba, halichomi, ajabu, lina ladha ya kawaida kama jina la mtu yeyote, nitamuuliza habari za njia, nitampa kiti hiki cha dirishani, atakula sombe mbele yangu na nitamwongezea, ale, ashibe, na Ernestine akipona tutakwenda Kabambare kwenye kaburi la mama yake na tutafikia kwake, kwa kaka yake, nami nitalala… nasema Serge, mwite, mwambie shemeji aje leo, na Ernestine ananitazama, si kama anavyomtazama mwalimu, sijui kama nani, Louise anapiga makofi mara moja na kujizuia, Serge amekwisha kutoa simu, inaita, inaita, mtandao wa Lusangi ni wa kubahatisha, Kamaldine anajimiminia chai, simu inapokelewa na Serge anasema allo, Bienvenu, nipe mujomba wako, halafu anasema lini, halafu anasema nani alimuambia ashuke shimoni, na tunasikia sauti ndogo ya Bienvenu ikieleza, kwamba mzee alichoka kukaa bure wiki nzima, akasema awasaidie kuweka miti ya kushikilia udongo, yeye seremala, udongo ulikuwa na maji, na hakuna aliyehama kwenye kiti chake, mimi dirishani, Ernestine mlangoni, Louise, Kamaldine na birika mkononi, na Serge anaweka simu juu ya meza na kutuambia kwamba Lwamba amekufa.