Mama Alipokaa Nyuma ya Pikapu

Theluji ilianguka kwenye mlima wa Jabal Shams, hapa Oman, usiku wa kuamkia Ijumaa, na tulipomaliza kuswali alfajiri tukakuta Khattab, rafiki wa kaka yangu Muhanna, ameshatutumia video ya theluji hiyo. Mama aliitazama mara tatu. Halafu akavaa soksi mbili mbili.

"Mara hii siletewi maji," akasema.

Mwaka wa nyuma yake tulimletea theluji ndani ya chupa ya chai mpaka nyumbani Ibra. Alipoifungua akakuta maji ya baridi na jani moja la mti. Yeye aliisoma theluji katika kitabu cha skuli Unguja, akiwa na miaka tisa, na tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: kuikanyaga. Siku ile ya video alikuwa na miaka sabini na mbili. Sasa ni mwaka wa pili hatunaye.

Gari letu la milimani lilikuwa mjini Sur na kaka yetu mkubwa, Hamood. Ilibaki pikapu ya Muhanna: milango miwili, silinda nane, nguvu zote matairi ya nyuma. Ukiigusa inanguruma kama imetukanwa. Tukajibana watatu mbele, Mama katikati.

Mvua ilitupokea Izki. Kwenye kipilefti cha Nizwa mkia wa gari ulitupita ubavuni, tukazunguka kipilefti chote kwa upande.

"Muhanna, gari hili linakwenda au linacheza?"

"Linacheza, Mama. Shikilia."

"Basi lichezeshe mbele. Jua likitoka, theluji imekwisha."

Saa tano tulikuwa karibu na juu, kwenye mpando wa mwisho, na njia imefunikwa ukoga wa barafu. Magari yalikuwa yanashuka, watu wameweka vinyago vya theluji juu ya boneti, vyote vinavuja. Mawingu yalianza kupasuka. Mama alivitazama vile vinyago, akanishika goti.

Muhanna amekulia kwenye michanga ya jangwa la Sharqiyah, na kwake njia mbaya ina dawa moja. Akashuka, akapunguza upepo wa matairi, akarudi, akakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote kama anapanda kilima cha mchanga. Mkia ukaenda kulia, ukaenda kushoto, gari likageuka polepole mpaka tukawa tunatazama tulikotoka.

"Mashallah," akasema Mama. "Tumeshaanza kurudi nyumbani."

Akajaribu tena. Tukageuka tena.

"Nyuma umepakia nini?" Mama akauliza.

"Hamna kitu."

"Ndiyo maana. Lori la baba yangu likiwa tupu kwenye matope ya shamba lilikuwa hivi hivi. Akitupanga sisi nyuma, juu ya matairi. Nipandisheni."

"Mama! Watu wataniona nimemweka mama yangu kama gunia!"

"Wakuone. Jua unaliona wewe?"

Tulimpandisha, blanketi mabegani. Nikapanda na mimi, akanitazama akasema mimi sihesabiki, nina uzito wa paka. Hapo likasimama gari la watu wa mji wa Adam lililokuwa linashuka. Ndani mlikuwa na wanawake wanne, na mkubwa wao, Bi Umkulthum, alikuwa mpana, mashallah, tena anacheka kabla hajaelezwa. Mama akamwita kwa Kiarabu, akampigia bati la pikapu kwa kiganja, kama anayemkaribisha mtu barazani. Wakaliweka gari lao pembeni, wakapanda wote wanne. Pikapu ikakaa chini.

"Sasa wewe," Mama akamwambia Muhanna, "gia ya pili. Usikanyage. Gusa."

Aligusa. Matairi yakazunguka mara moja, yakashika. Tukaanza kupanda mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu, Mama akigonga paa kwa pete yake kila Muhanna alipoongeza mafuta, Bi Umkulthum akipiga vigelegele kila kona, na sisi wengine tumeshikana tusianguke kwa kucheka. Kaka yangu, dereva wa michanga, alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Juu jua lilikuwa limeshatoka. Sehemu ya wazi ilikuwa maji na mawe. Theluji ilibaki nyuma ya mwamba mmoja, upana wa miswala miwili, na watoto walikuwa wanaikimbilia.

"Hakuna kugusa!" Bi Umkulthum akapaza sauti. "Ina mwenyewe!"

Watoto wakasimama. Mama akakaa juu ya jiwe, akaniambia nimvue viatu, na soksi zote. Akakanyaga mguu mmoja, akapiga ukelele, akakanyaga wa pili.

"Inauma!" akasema, anacheka mpaka machozi. "Muhanna, inauma, wallahi!"

"Basi toka, Mama."

"Bado."

Nikamshika mkono, Muhanna akamshika wa pili. Theluji ilikuwa inayeyuka baina ya vidole vyake.

"Bado kidogo," akasema.

Tukangoja.